Sura ya Tatu Anakufa Dada

Karatasi ilibandikwa kwenye mlango wa friji kwa sumaku ya nanasi, katikati ya ratiba ya sala na risiti ya LUKU. Mwandiko ni wa mume wangu, wino mwekundu: "Dada, sura ya tatu, kisimani. Mama mkwe, sura ya saba, usingizini. Mjumbe, mwishoni, polepole." Chini yake, kwa herufi kubwa: "NUNUA KAMBA."

Kamba ilikuwa ya kuanikia nguo. Lakini binti aliyetoka Singida kuja kutusaidia kazi angelijuaje hilo? Aliamka alfajiri kumchemshia Nuru maziwa, akasoma, akarudia kusoma, akafunga begi lake akatoka bila kudai hata mshahara. Mimi niliamshwa na harufu ya maziwa yaliyoungua.

Baba Nuru ni karani wa bohari la vipuri. Huyo ni wa mchana. Ikifika saa nne usiku, Mbagala nzima ikiwa imelala au inajifanya imelala, anageuka mwandishi wa riwaya za kutisha. Hajachapishwa bado, na hilo "bado" ni lake, mimi nalifikisha tu kama lilivyo. Amekulia kwenye vitabu vya marehemu baba yake: Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla, wa mwaka 1960, na Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, wa 1965. Hicho cha kwanza anakipenda na hajakisamehe. Kurasa zote zile za mzimu, analalamika, halafu mpelelezi Bwana Msa anakuja na kiko chake na kutuonyesha kuwa muuaji ni binadamu. Yeye anataka mzimu usiofafanuliwa. Mimi niko upande wa Bwana Msa. Mtu akishanunua umeme wa kusomea, ana haki ya kuelezwa nani kaua.

Akikata tamaa hunisimulia habari ya Stephen King, aliyetupa kurasa za mwanzo za Carrie, mkewe Tabitha akazitoa kwenye pipa la taka na kumshikilia amalize. Kitabu kikatoka mwaka 1974, shida zikaisha. Akishamaliza kusimulia ananitazama, anakunja karatasi zake, anazitupa ndooni kwa kishindo, kisha anatoka barazani ili kunipa nafasi. Nami huziokota. Mkaa wa siku hizi ni mbichi, bila karatasi hauwaki.

Wiki ile alikuwa na tatizo la damu. Anasema mwandishi mvivu huandika tu kwamba damu ilitapakaa, bila kujua baada ya saa moja inakuwaje, baada ya saa sita inakuwaje. Damu yenyewe haiingii nyumbani kwangu, nilishamwambia. Basi akachemsha rozela, akaikoroga na unga wa muhogo hadi ikawa nzito kama uji wa mgonjwa, akaimwaga kidogo kwenye marumaru ya korido na kukaa kuitazama kwa tochi, daftari mkononi. Iliyobaki akaiweka kwenye jagi, jagi akalitia ndani ya friji. Mama yangu, aliyekuja kutoka Wete kumwona mjukuu, alitoka usiku kwenda msalani akakuta mkwewe kapiga magoti mbele ya dimbwi jekundu. Alimwambia "Pole, baba," akapita kwa ukutani, akarudi kulala. Mama yangu haulizi maswali ambayo majibu yake yatamkosesha usingizi.

Jioni ile ile ya siku aliyoondoka dada, tukasikia hodi. Ni mjumbe wetu wa shina, kofia kichwani, na nyuma yake dada na begi lake. Hakuwa amefika mbali. Mabasi ya Singida yanaondokea Mbezi, na nauli yake ilikuwa kwenye mshahara ambao hakuudai, kwa hiyo alikuwa ameshinda kwa mke wa mjumbe akichambua mchele na kueleza. Kwa namna majirani walivyojipanga mlangoni, alikuwa ameeleza vizuri.

Mjumbe alikaribishwa kochi kubwa. Nuru, ambaye amefundishwa kuwa mgeni hakai mkavu, alikimbia jikoni akarudi na glasi imejaa. Nilipogundua imetoka kwenye jagi gani, mjumbe alikuwa ameshapiga mafunda mawili. Akajifuta masharubu.

"Mama Nuru, rozela yako ina mwili," alisema, akaomba aletewe hicho kielelezo.

Nikabandua karatasi nikampa. Aliisoma kimya akiisogeza mbali na macho, kwa kuwa miwani aliiacha nyumbani. Kifo cha dada hakikumshtua. Cha mama mkwe alikitikisia kichwa kidogo. Alipofika mstari wa tatu akaweka glasi chini.

"Mimi ndiye polepole?"

"Si wewe, mzee," Baba Nuru akajibu. "Ni mjumbe wa kwenye kitabu."

"Wa kwenye kitabu anakaa wapi?"

"Mbagala."

Barazani mtu akacheka, akanyamazishwa. Baba Nuru akajitetea kwa urefu. Alitaja fasihi, alitaja Tuzo ya Mwalimu Nyerere iliyoanza kutolewa mwaka 2023, akaeleza kuwa riwaya ya kutisha inahitaji watu ambao msomaji anawapenda, ndiyo maana amewaua hao. Hakuna aliyelainika. Dada alikuwa ameshikilia begi kwa mikono miwili.

Mama alikuwa kwenye mkeka akimsuka Nuru. Aliongea bila kuinua kichwa.

"Baba, kwani unataka watu waogope?"

"Ndiyo, mama."

"Mwaka wa 1995 sisi Pemba tukilala nje. Mwezi wa Ramadhani ulitukuta hivyo, mitaa mizima, wake kwa waume, moto umewashwa, mtu haingii ndani kwake. Popobawa. Aliyoyafanya hayasemeki mbele ya mtoto. Kisha akavuka, Unguja nako wakalala nje." Akachukua fungu jingine la nywele. "Mimi mwenyewe sikumwona. Nilichokiogopa ni habari iliyokuja kutoka mjini Unguja. Watu walimuua mtu, mgonjwa wa akili maskini, wakidhani ndiye. Tangu hapo kila anayechelewa kurudi kwake usiku nilikuwa namwombea asikutane na watu, si asikutane na popo."

Mimi nilikuwa mdogo mwaka ule. Nakumbuka mkeka, moshi, na furaha ya kulala karibu na binamu zangu wote. Hayo mengine mama hakuwahi kunisimulia.

Na umeme ukakatika. Sisemi uongo, majirani wote wa barazani ni mashahidi, ingawa si rahisi kuwapata maana walitawanyika kwa kasi. Tulipowasha tochi ya simu tulimkuta mjumbe amesogea mpaka kwenye mkeka wa mama, na Baba Nuru anaandika gizani, kalamu inatoboa karatasi.

"Funga daftari," mama alisema. "Sikukuhadithia. Nimekwambia."

Akafunga. Sijawahi kuona amri ya mhariri ikitiiwa upesi hivyo. Mjumbe akasema kesi imeahirishwa, kisha akauliza kama Baba Nuru anaweza kumsindikiza, kwa ajili ya mashimo ya njiani. Walisindikizana kwenda, na kwa kuwa Baba Nuru naye hakutaka kurudi peke yake, mjumbe akamsindikiza kurudi, ikabidi dada achukue tochi awatenganishe.

Dada alibaki, kwa masharti. Mshahara upande. Karatasi zote zipite kwake kabla ya kubandikwa popote. Na kisimani asiingie. Siku hizi baada ya kuosha vyombo anakaa kwenye kigoda, anasomewa, na hana huruma. Juzi alimsimamisha Baba Nuru katikati ya ukurasa: mzimu gani huo unaopiga hodi, na nani alimfungulia? Wakabishana mpaka nikaenda kulala. Asubuhi nilikuta sura ya tatu imeandikwa upya, na aliyetumbukia kisimani ni karani mmoja wa bohari.