Ndege ya Mtukufu Simba

Simba wa Seronera alipotangaza kwamba enzi ya kutembea imekwisha, wa kwanza kufika barazani alikuwa Mbweha, dalali, na kipeperushi chenye picha za viti vya ngozi. Hakuna aliyeuliza ngozi ya nani.

Wa pili aliitwa shingo upande. Ni Ngiri, ambaye shimo lake liko kando ya kiwanja cha ndege, na kwa miaka mingi amekula vumbi la kila ndege inayotua hapo. Cheo hana. Ila huzitambua kwa mngurumo kabla hazijaonekana.

"Mtukufu, kabla hatujataja ndege, tutaje safari. Unakwenda wapi?"

"Kila mahali."

"Mwaka jana ulikwenda wapi?"

Ikabidi Nyani, karani, afungue daftari. Mwaka jana Mtukufu alikwenda Kogatende kukagua vivuko vya Mto Mara. Akaenda Kogatende tena. Na mara moja akaenda Dodoma, kikaoni. Kogatende ni kama kilomita 100; Dodoma ni kama 430. Baraza likainamisha macho, maana swali la namna hii wenye fedha hulihesabu kuwa ni tusi.

Ngiri akaendelea kana kwamba hakuona. Kwa safari hizo, alisema, ipo Cessna Caravan: injini moja, pangaboi puani, mabawa juu, magurudumu yasiyokunjwa. Changarawe haiisumbui, na njia fupi huitosha, ingawa Seronera iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na jua la mchana huifanya hewa kuwa nyepesi, kwa hiyo ndege yoyote hapa hukimbia sana kabla ya kuinuka. Kasoro yake ni kwamba haipandi juu sana, hivyo hupita humo humo mawinguni ikirushwarushwa, na mwenye tumbo jepesi atajuta. Asiyetaka kurushwa aitazame Pilatus PC-12, ya Uswisi. Nayo ni ya pangaboi moja na hutua kwenye changarawe, lakini abiria wake hukaa katika hewa iliyoshindiliwa, kwa hiyo hupanda juu ya mawingu mengi na kwenda kilomita 500 kwa saa.

"Na jeti?" Simba aliuliza.

"Jeti ni ya masafa, Mtukufu. Kwa Dodoma, ikimaliza kupanda inaanza kushuka. Utaokoa dakika za kunywea chai."

Tembo, waziri, akauliza habari za mizigo.

"Kwenye Caravan za watalii ni kilo 15, katika begi laini."

Tembo akayatazama meno yake.

"Tena," Ngiri akaongeza, "ndege nyingi ndogo hazibebi watu pomoni na mafuta pomoni kwa pamoja. Ukitaka kufika mbali, mwache shemeji. Na kwa safari tatu kwa mwaka, usinunue kabisa. Wanaoruka chini ya saa 200 hivi kwa mwaka hushauriwa wakodi. Ndege ikilala hangani haifanyi kazi, lakini bima na mishahara ya marubani haijui kulala."

"Mfalme hakodi," alisema Simba.

Mbweha alikuwa akilisubiri neno hilo. Akafunua ukurasa wa Gulfstream: zaidi ya kilomita 12,000 bila kutua.

"Inatengenezwa wapi?"

"Savannah, Mtukufu."

"Kumbe ni ya kwetu!"

Mbweha hakuona sababu ya kueleza kwamba Savannah hiyo ni mji wa Georgia, Marekani.

"Kilomita 12,000," Ngiri aliuliza, "zinakupeleka kwa nani?" Akatolewa nje.

Ikabaki fedha. Fisi, mhazini, akasimama na kupaza sauti: ikibidi, tutakula nyasi, lakini ndege inunuliwe. Nyumbu na Pundamilia wakatazamana. Kwani siku zote walikuwa wakila nini? Wakadhani mgao unaongezwa, wakapiga makofi. Watanzania wanaokumbuka miaka ya mwanzo ya 2000 waniwie radhi. Nadhani Fisi alikuwa ameisikia kauli hiyo mahali.

Ndege ikaja. Rubani akazunguka mara moja juu ya Seronera, akaitazama changarawe, akazifikiria injini zake zinazovuta kila kilicho mbele yake, mawe yakiwemo, akageuza kwenda Uwanja wa Kilimanjaro, kwenye lami ya mita 3,600. Huko akaegesha na kupiga simu: Mtukufu ufike, ndege iko tayari.

Mtukufu angefikaje? Kwa Caravan ya kukodi. Alikaa nyuma ya rubani, begi laini miguuni, akipigwa picha na watalii waliodhani amewekwa kwa ajili yao. Kilimanjaro akahamia viti vya ngozi, na kabla hajafungua mkanda alitangaziwa kwamba wanaanza kushuka. Dodoma alipokewa na Nyani, aliyekosa nafasi katika msafara, akapanda Caravan nyingine moja kwa moja kutoka Seronera, na tayari alikuwa ameshakunywa chai.

Mwezi uliofuata Mbweha alirudi na kipeperushi kipya. Safari hii alikuwa akiuza lami. Mchoro wa njia ndefu ulipita juu kabisa ya shimo la Ngiri, jambo ambalo dalali aliliita bahati mbaya ya kitaalamu. Fisi akasimama, akakohoa, akaanza tena habari ya nyasi. Spika akamkatiza: upande wa Nyumbu viti vyote ni vitupu. Wameshavuka Mto Mara, wako Kenya, wamekwenda kwa miguu.

"Andika wameafiki," alisema Simba.