Santiago wa Itumba na Mtamba wa Mzee Yakobo

Siku hizi ukialikwa kwenda kumwona mtoto mchanga hapa Itumba, beba khanga, sabuni na kalamu. Kalamu ni ya kuandikia jina, maana usipoliandika hufiki nalo nyumbani. Zamani tulikuwa na akina Lusekelo na akina Lugano. Mtoto akiitwa, jirani anajua wazazi walikuwa na furaha au walikuwa na upendo, basi, yameisha. Sasa ukiuliza jina unatajiwa kitu kama dawa ya mifugo.

Wa kwetu ameitwa Santiago. Baba yake ni mtoto wa mdogo wangu, kijana wa bodaboda kati ya hapa na Isongole, ambaye hela ya jioni huiacha yote kibanda umiza Real Madrid wakicheza. Kumbe jina ni la Santiago Bernabéu. Uwanja! Nikamwuliza, kama mtoto ni wa kupewa jina la uwanja, Sokoine ya Mbeya ina kosa gani? Hiyo angalau nauli ya kumpeleka akaione tungeimudu. Akanielewesha kwa ule upole wa kusemeshea wagonjwa: “Baba mkubwa, huyo alikuwa mtu.” Alicheza klabuni hapo, akawa rais wake kuanzia 1943 hadi alipofariki 1978, uwanja ulifunguliwa 1947, ukapewa jina lake 1955. Yote hayo kayataja bila kukwama, na siku ya kuzaliwa ya mama yake mzazi haijui.

Ila kilichoniuma si uwanja. Mzee Yakobo, baba yangu mimi, alishatangaza mbele ya ukoo kwamba kitukuu atakayebeba jina lake atapewa mtamba. Mama wa mtoto akakataa katakata. Akasema Yakobo ni jina la kizee, linanuka ugoro.

Haya, sasa Santiago ni nini? Ni maneno mawili yaliyogandana: “Sant”, yaani mtakatifu, na “Iago”. Na huyo Iago ni Yakobo! Jina lilitoka kwa Waebrania, Wagiriki wakalifanya Iakobos, Walatini wakasema Iacobus, likafika Hispania limeshakatwa mkia. Anayetajwa ni yule mtume, mwana wa Zebedayo. Wahispania wanaamini kaburi lake liko Santiago de Compostela, kaskazini magharibi mwa nchi yao, na mahujaji hutembea mamia ya kilomita kwa miguu kulifuata. Sikukuu yake wanaifanya tarehe 25 Julai. Askari wao walikuwa wakilipiga ukelele jina hilo wakiingia vitani, na walipovuka bahari wakalibandika kwenye miji. Mji mkuu wa Chile wameuita hivyo tangu 1541. Wapo hata wanaodai kwamba Diego nalo limechomoka humo humo, ingawa wengine wanabisha.

Waingereza nao walilikoroga mpaka likawa James, ndiyo maana waraka ambao kwenye Biblia yetu ni wa Yakobo, kwenye yao ni wa James. Waislamu wanalo Yakubu. Kwa hiyo pale stendi fundi viatu Yakubu, wakala wa pesa Jemsi na huyu mtoto wetu wa Madrid ni wajina, na hawajui. Wazazi wamemkimbia mzee kwa mlango wa mbele, wamemkuta amekaa uani.

Nililieleza jambo hili Jumapili, ukoo umekaa baada ya ibada, nikitegemea kijana ataona haya. Haya ameitoa wapi? Alitulia kidogo, nikaona anapiga hesabu. “Babu, kama ni hivyo, mtamba wangu yuko wapi?”

Mzee akaweka kikombe chini. “Hebu niite.”

“Babu.”

“Niite kwa jina la mtoto wako.”

“Santiago.”

Mzee kimya. Akachukua kikombe, akanywa, akakirudisha. “Umeona? Sijaitika.”

Kesi hiyo bado inaunguruma. Kijana anasema Mzee ameongezewa utakatifu bila gharama, kwa hiyo hata huyo mtamba mmoja ni bei ya kutupa. Mzee amemfungulia Mwanzo 25, pale Yakobo anapozaliwa amemshika pacha wake kisigino, jina likatokana na hicho kisigino, kisha ukubwani akanunua kwa Esau haki ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu. “Kwa ujanja huu,” Mzee akamwambia, “jina langu lilikufaa wewe, si mtoto.”

Mtoto mwenyewe ana majina matatu ya kiserikali na kienyeji. Kadi ya kliniki ina Santiago, cheti kimerudi na Santiyago, na bibi anamwita Sandiago na hataki kusahihishwa. Yeye analia kwa yote.

Mama yake ametangaza kwamba akija wa pili wa kiume, mambo ya viwanja basi. Amelipata jina kwenye tamthilia, laini, lisilo na dalili yoyote ya uzee: Jaime. Nimelifuatilia. La Kihispania hilo pia, na ni Yakobo yule yule. Mzee ana mitamba wawili tu, kwa hiyo nimenyamaza.