Mgonjwa Asiye na Mwiko

Hapa Wanyange mgonjwa asiye na mwiko hana hadhi. Watazame watu wa kisukari: wakifika kwenye sherehe, mwenye nyumba mwenyewe huinuka kuwatafutia chai isiyo na sukari, tena katika eneo ambalo malori ya miwa ya kwenda kiwanda cha sukari cha Kakira yanatutimulia vumbi kutwa. Watu wa presha nao wana sufuria yao isiyotiwa chumvi. Mimi nina maradhi yenye tarakimu nzito kuliko zao wote, na sikuwa na hata chakula kimoja cha kukataa.

Majibu ya kipimo cha damu yalitoka kliniki moja ya Jinja mjini. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu ukijikata, kwangu zilikuwa 612,000 katika mikrolita moja ya damu. Wenzangu wana kati ya 150,000 na 450,000. Nikamsomea mke wangu ile karatasi kwa sauti ya mtangazaji wa matokeo ya uchaguzi. Akasema, "Si ni nyingi? Mshukuru Mungu."

Ndiyo taabu ya kuishi nchi ya malaria. Malaria huzishusha chembe hizi, basi kila mtu ana dawa ya kuzipandisha. Ya kuzishusha hakuna aliyewahi kuiwaza. Jirani akaniletea jagi la maji ya bitiruti. Nikamweleza kwamba zangu zimezidi. Akafikiri kidogo, akasema basi ninywe nusu. Hajati wa nyuma ya nyumba akaagiza kitunguu saumu kibichi kila alfajiri. Na kijana wa boda, ambaye sikumwambia lolote (siri za hapa hupanda pikipiki zenyewe), akanipiga marufuku nyama nyekundu.

Nikampelekea musawo, daktari wa ile kliniki, orodha yote. Binti mdogo, mpole, hana huruma. "Mzee, hakuna chakula kinachojulikana kuzishusha. Kitunguu saumu labda kinazipunguzia kunata, si idadi."

Akaeleza kwamba wapo watu ambao uboho wao wenyewe umeasi. Mwaka 2005 wanasayansi walitambua hitilafu moja inayoleta uasi huo, katika jeni iitwayo JAK2. Hao hupewa aspirini ya dozi ndogo, na wengine haidroksiurea, dawa ileile ya watoto wetu wa selimundu. Nikakaa vizuri kitini. Ugonjwa wenye herufi na namba, hata kanisani watautangaza.

"Wewe huna huo," akasema. "Umepungukiwa madini ya chuma." Kumbe chuma kikipungua, uboho unaweza kufyatua chembe sahani kupita kiasi. Kisha akaniuliza habari za choo, maswali ambayo hata mama yangu aliacha kuniuliza zamani, akataka na sampuli. Minyoo ya safura! Inapenya kwenye nyayo, inakwenda kunyonya damu tumboni. Akavitazama viatu vyangu, akauliza kama shambani huwa navivaa. Nani anavaa viatu kwenye matuta ya viazi?

Nikapewa dawa ya minyoo, vidonge vya chuma, na ushauri wa kula maharage, dagaa wa mukene na maini, pamoja na chungwa au ndimu. Halafu, hatimaye, mwiko: chai isikutane na chakula, zipishane saa nzima, maana huzuia chuma kisiingie mwilini.

Mwiko gani huu! Anayekataa sukari anaeleweka. Anayekunywa chai ileile ya wenzake, ila saa nzima baadaye, anaonekana ana maringo. Na viazi vitamu vikavu bila chai, jamani, vinashukaje kooni?

Juzi shemeji akaja kutoka Mbale na malewa, yale machipukizi ya mianzi, pamoja na kahawa ya Mlima Elgon, akataka tuinywe palepale na chakula cha mchana. Kahawa nayo iko kwenye mwiko. Nikamwambia tunakula saa nane, kahawa yake nitainywa saa tisa. Akamgeukia dada yake: "Mumeo amekuwa Mzungu tangu lini?"

Dada yake, kwa aibu, akaibeba sahani ya maini niliyokaangiwa mimi, akaiweka mbele ya mgeni.