Sifa za Gari Linalolalamika

Sasipensheni ya haidroliki ya Citroën ikizeeka hupiga kelele, na kelele hizo zimetukanwa kuliko zinavyostahili. Springi ya chuma hukatika bila kuaga. Shokapu ya kawaida hufa kimyakimya, na mwenye gari hupata habari za msiba huo akiwa tayari katikati ya shimo. Mfumo huu wa Paul Magès, mhandisi wa Citroën, uliofungwa kwanza nyuma ya Traction Avant 15-Six H mwaka 1954 na kuenea gari zima kwenye DS mwaka uliofuata, hauna unafiki wa namna hiyo. Ukiugua husema, tena kwa sauti ya kusikika na jirani.

Kila gurudumu lina tufe la chuma lenye gesi ya naitrojeni upande mmoja na mafuta upande wa pili, katikati kukiwa na utando wa mpira. Gesi ndiyo springi; mafuta hupeleka uzito wa gari kwenye gesi hiyo. Pampu inayozungushwa na injini husukuma mafuta hadi kwenye kidhibiti presha, ambacho nacho kina tufe lake la akiba. Presha ikishuka hadi kama bar 145 pampu hupewa kazi ya kujaza, na ikifika kama bar 170 hupumzishwa. Kila zamu inapobadilika, kidhibiti hutoa mlio mdogo: tik.

Tik ndiyo malkia wa kelele hizi. Vitabu humsifu DS aliyemtorosha Rais Charles de Gaulle kutoka kwenye shambulio la Petit-Clamart tarehe 22 Agosti 1962, matairi yakiwa yametobolewa kwa risasi. Tik haijapewa hata ukurasa, ingawa huokoa abiria wengi zaidi wasio marais. Gari likiwa limesimama, injini ikinguruma taratibu na usukani haujaguswa, tik zikipishana kwa nusu dakika au zaidi, mambo ni shwari. Zikija kila baada ya sekunde chache, tufe la akiba limeishiwa gesi, au kuna mahali mafuta yanavuja kwa ndani. Breki hunywa kwenye akiba hiyohiyo. Kwa hiyo anayeongeza sauti ya redio ili asiisikie tik anamfukuza mpiga mbiu aliyeleta habari za breki zake.

Tiba yake si ghali. Injini huzimwa, gari hushushwa hadi chini kabisa, kisha skrubu ya kutolea presha iliyo kwenye kidhibiti hulegezwa kiasi ili mafuta yarudi tangini. Hapo tu ndipo tufe hufunguliwa kwa spana ya mkanda. Jipya hufungwa na sili mpya iliyopakwa mafuta yaleyale, na hukazwa kwa mkono; fundi anayelikaza kwa nguvu zake zote anamtengenezea adhabu fundi atakayemfuata.

Mlio wa pili ni wa pampu inayolia kwa sauti nyembamba. Huo ni mwimbaji mwenye kiu: anavuta hewa pamoja na mafuta. Mafuta hukaguliwa injini ikiwaka na gari likiwa limeinuliwa hadi juu kabisa. Yakiwa na povu, wa kushukiwa ni mpira wa kunyonyea uliokakamaa au klipu iliyolegea. Yakiwa machache huongezwa. Vichujio vya tangini vikiziba huoshwa kwa petroli na kukaushwa. Mafuta yenyewe ni ya kijani, yaitwayo LHM, yaliyoanza kutumika kwenye DS za modeli ya 1967. Magari ya kabla ya hapo yalitumia mafuta ya aina nyingine, na kuchanganya hizo mbili huharibu sili zote. Kosa hilo halitoi mlio wowote linapofanyika, na ndiyo sababu linaua mfumo mzima.

Kishindo kikali barabarani ni lugha ya matufe ya magurudumu. Bampa hukandamizwa kwa mikono injini ikiwaka. Gari lisipobonyea, gesi imekwisha na gari linatembea juu ya mafuta matupu, ambayo hayabonyei kamwe. Hata hivyo, likibonyea vizuri na kishindo kikabaki, matufe yasisingiziwe: mara nyingi ni vijiti vya kuunganisha stabilaiza, na vijiti hivyo hugonga kwenye gari lolote.

Imebaki ile sauti ya mlango wa zamani inayotoka nyuma ya Citroën BX au Xantia gari linapopanda au kushuka. Hii ndiyo inayokula fedha nyingi za bure, kwa kuwa wengi hubadilisha matufe huku mgonjwa akiwa beringi za mikono ya nyuma. Magurudumu yakitazamwa kwa nyuma na kuonekana yameegemeana kwa juu, hakuna haja ya ushahidi mwingine. Mkono hushushwa, beringi hubadilishwa, na ekseli yake ndogo ikiwa imeliwa hubadilishwa pia, kwani beringi mpya juu ya chuma kilicholiwa haidumu.