Meza ya Wavamizi

Jumatatu, Ngara mjini

Leo nimeandika tangazo kwa mkono wangu na kulibandika mlangoni pa kibanda changu cha kutengeneza redio na simu: "Natafuta mashine ya gemu ya zamani, ya kutumbukiza sarafu. Hata kama mbovu. Bei maelewano." Mke wangu amelisoma mara mbili, akauliza kama hayo maneno "hata kama mbovu" ni ya lazima. Nikamwambia hayo ndiyo ya lazima kuliko yote. Akaingia chumbani kuhesabu redio zilizo chini ya kitanda. Ziko kumi na nne. Aliitaja idadi hiyo kwa sauti, kisha akaenda kuchambua maharage.

Saa nane mchana akaja kijana na bodaboda, nyuma kafunga dubwi la kamari kwa mpira. Nikamweleza kwamba natafuta mashine ya kuchezea, si ya kulia watu hela zao. Akasema hata hii watu wanaicheza.

"Kwani kwenye hiyo yako, mzee, ukishinda unapata nini?"

Nikamjibu hupati kitu. Unacheza mpaka unakufa, basi. Akawasha pikipiki.

Jumanne

Madubwi mawili zaidi. Moja limeachwa hapa, mwenyewe kasema atalipitia jioni.

Amekuja pia mtu na mizani ya kupimia watu uzito, akisisitiza kwamba nayo inatumia sarafu na ni ya zamani. Amenipima. Nina kilo 71. Sikuwa nimeuliza. Nimelipa shilingi mia.

Saa kumi akapita ofisa mmoja, akalikuta dubwi mlangoni na mimi nimekaa pembeni yake nimeshika bisibisi. Akaniuliza leseni. Tulizungumza kwa muda mrefu kuhusu Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na sheria ya mwaka 2003, ambayo sasa naifahamu vizuri. Mwenye dubwi hakuja jioni.

Jumatano

Nimeongeza maneno kwenye tangazo: "SI DUBWI." Hajaja mtu yeyote. Nimepata nafasi ya kuandika ninachotafuta, maana mke wangu ameniuliza na sikueleweka.

Nilikuwa na miaka minane. Baba mdogo alikuwa mlinzi kwenye kambi ya wajenzi wa barabara, huko Benaco. Usiku mmoja alinipitisha kwenye ukumbi wa wazungu nikaona meza inawaka. Meza kabisa, ina miguu, juu ina kioo, na chini ya kioo wadudu weupe wanatembea. Wakati huo Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Vilianza mwaka 1994. Kwa hiyo kioo cha kwanza kukiona maishani mwangu hakikuwa na mtangazaji wala taarifa ya habari. Kilikuwa na wadudu. Nililaza shavu juu yake, kikawa cha moto. Baba mdogo akaniambia nisipumue, nitakitia ukungu.

Nimekuja kujua baadaye kwamba ile ni Space Invaders, ya kampuni ya Taito ya Japani, iliyobuniwa na Tomohiro Nishikado, ikatoka mwaka 1978. Wavamizi ni 55, mistari mitano, kila mstari kumi na mmoja. Wanakwenda upande mmoja wote kwa pamoja, wakigonga ukuta wanashuka hatua, wanarudi upande wa pili. Na kadiri unavyowaua ndivyo waliobaki wanavyozidi mbio. Watu hudhani ni ujanja wa mtengenezaji. Kumbe ile chipu, Intel 8080, ilikuwa inazidiwa na kazi ya kuchora wadudu wengi; wakipungua, inapata nafuu, inakimbia. Nimetengeneza redio kwa miaka ishirini na sita na sijawahi kuona udhaifu uliozaa faida namna hiyo.

Mwaka huohuo wa 1978, mwishoni mwa Oktoba, mkoa wetu, uliokuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi, ulivamiwa na majeshi ya Idi Amin. Kwa hiyo wakati Wajapani wanalipa sarafu ili wavamiwe, sisi tulivamiwa bure.

Mke wangu amesikiliza yote. Ameuliza itakaa wapi.

Alhamisi, Benaco

Nimepanda mchomoko. Gari la watu watano, tulikuwa tisa, mimi mkono wangu mmoja ulisafiri nje. Nimekuja na mfuko wa sarafu za zamani za kujaribia tundu la mashine, zikawa zinanichoma paja kila tulipokata kona.

Benaco ya leo ni malori. Yamepangana pande zote, yanakwenda Rwanda, Burundi na Kongo, na kati yake kuna chipsi, wakala wa kutuma pesa na mafundi wa matairi. Jina limetokana na kampuni ya ujenzi wa barabara, lakini nje ya nchi wanalijua kwa jambo jingine: tarehe 28 Aprili 1994, ndani ya saa ishirini na nne, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kukimbia mauaji ya Rwanda, wakakaa hapa.

Mzee niliyeelekezwa alikuwa anakunywa rubisi. Shikamoo. Marahaba. Nikaeleza meza. Akafikiri, akasema anaikumbuka. Nikakaa vizuri.

"Mwaka ule," akasema, "hapa kila kitu cha mti kilichomwa. Milango. Vitanda. Miti yenyewe tulikuwa tunaitafuta kwa macho huioni. Watu wanapika, watafanyaje?"

"Na meza, mzee?"

"Meza ilikuwa na miguu ya chuma."

Akanyamaza. Nikamuongezea rubisi. Akasema ilichukuliwa na mkwewe wa Nyakahura, kwa baiskeli, siku mbili njiani. Kioo alikibeba mgongoni kama mtoto. Nikamuuliza mkwewe aliitaka ya nini. Akasema meza ni meza.

Ijumaa, Rusumo

Sikukusudia kuja Rusumo. Nilisinzia kwenye gari nikiamini linakwenda Nyakahura. Niliposhtuka niliona foleni ya forodha.

Kwenye kituo cha pamoja cha mpakani, kilichofunguliwa mwaka 2016, watu wa forodha waliona mfuko wangu unagongagonga wakataka kujua ni nini. Nikamwaga mezani. Shilingi za mwaka 1966 zenye mkono ulioshika mwenge, senti ishirini za mbuni, senti hamsini za sungura, senti tano za samaki. Kijana akazigeuzageuza, akauliza thamani ya jumla. Nikapiga hesabu: shilingi kumi na tisa na senti themanini na tano. Akamwita mwenzake. Mwenzake akamwita mwingine. Wote walitaka kumshika sungura. Nimeondoka na shilingi kumi na tisa na senti thelathini na tano.

Maporomoko sikuyaona. Nimeyasikia.

Jumamosi, Nyakahura, wilaya ya Biharamulo

Nimeiona.

Naandika polepole kwa sababu mkono hautulii, ingawa huenda ni ile michomoko.

Mkwe alifariki zamani. Yupo mjane wake, mama wa makamo, mwenye migomba nyuma ya nyumba. Akanipeleka uani. Meza imesimama kwenye miguu yake ileile ya chuma. Juu, mahali pa kioo, pana wavu. Ndani, kuku mwekundu ameatamia. Kijimlango cha kutolea sarafu bado kipo, bawaba zake zinafunguka bila kelele, na hapo ndipo mama anapotolea mayai. Pembeni kimebaki kijiti kimoja cha kuchezea. Wajukuu wanakitumia kufungia kamba ya mbuzi.

"Na vya ndani, mama?"

Vya ndani alinionyesha kwa kidevu. Saketi ilikuwa inaning'inia kwenye mti katikati ya shamba la mtama, inafukuza ndege. Nilipanda. Nyigu wamejenga kwenye kona moja. Nikasugua vumbi kwa kidole, nikasoma kwenye chipu ndefu: 8080. Nilikaa juu ya ule mti kwa muda unaozidi kidogo ule wa heshima.

Nikashuka kupatana bei. Mama akanitazama kwa huruma.

"Baba, kuku ameatamia."

"Naona, mama. Labda tungemhamisha taratibu."

"Ukimhamisha anayaacha."

Mayai ni kumi na moja. Mstari mmoja kamili. Sikumwambia mtu. Ana siku nne tangu alalie, kwa hiyo zimebaki kumi na saba. Nikauliza kioo na chogo lake vilikwenda wapi. Viliuzwa Biharamulo mjini, kwa mtu wa kibanda umiza.

Jumapili, Biharamulo mjini

Mji una boma la Wajerumani lililojengwa mwanzoni mwa karne iliyopita, na bado limesimama. Watu wote niliowauliza njia walinielekeza huko, kwa kuwa nina begi na wao wanajua watu wenye mabegi wanataka nini. Nimelitembelea mara tatu.

Mwenye kibanda umiza sasa anaonyesha mpira kwenye kioo bapa cha ukutani. TV ya chogo ameiweka chumba cha nyuma, imefunikwa kitambaa, na kitambaa kimefunikwa mchele. Akaufagia, akaiwasha. Ni nyeusi na nyeupe. Lakini amebandika nailoni za rangi juu ya kioo: nyekundu juu, kijani chini.

"Ni ya rangi," akasema.

Sikumbishia. Taito walifanya hivyohivyo: picha nyeusi na nyeupe, juu yake vipande vya selofeni, ili wavamizi wakishuka wabadilike rangi. Huyu bwana hajawahi kusikia habari za Taito. Asubuhi alikuwa amemwambia aliyenileta kwamba ataiuza elfu ishirini. Nilipofika ikawa laki moja na nusu. Nikauliza imepandaje tangu asubuhi.

"Asubuhi wewe hukuwepo."

Nimeacha elfu kumi ya kushikia. Mchele umerudishwa juu.

Jumatatu hadi wiki ya tatu, Ngara

Hakuna la kuandika. Nimetengeneza simu. Mwenye dubwi amekuja kulichukua, akataka kodi ya siku zote ambazo lilikuwa kwangu likivutia wateja. Nimemtajia sheria ya mwaka 2003.

Mke wangu kila asubuhi anauliza kuku anaendeleaje. Namwambia sijui, hana simu.

Siku ya ishirini na moja, Nyakahura

Nimefika na toroli la kukodi, kamba na magodoro mawili. Mvua imeninyeshea kuanzia Lusahunga, ambako sikupaswa kuwa, nilipitilizwa tena.

Wameanguliwa tisa. Mama ana furaha, mimi pia nikaionyesha. Nikaanza kufungua kamba.

"Sasa hawa wana siku moja," akasema mama. "Kuna mwewe, kuna kicheche. Unawaweka wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nikamlipa seremala wa kijijini, akajenga banda jipya la mbao, lina mlango, lina paa la bati, amelimaliza saa tisa na nusu. Ni zuri kuliko meza. Tukamwingiza kuku na wanawe. Kuku akalizunguka mara moja, akatoka, akaruka kupitia kwenye kona iliyochanika ya wavu, akarudi mezani. Tukamwingiza tena. Akarudi tena. Mara ya nne mama akasema tusimsumbue mzazi.

"Wakikua," akaniambia. "Miezi mitatu hivi. Na banda hili usilibebe, litatufaa mbuzi."

Nikaomba jambo moja tu, nijaribu tundu la sarafu. Shilingi ya mwenge ilikataa, ni pana mno. Nikachukua senti hamsini. Ikaingia. Nikaisikia inateremka ndani, kona ya kwanza, kona ya pili, kisha ikagonga chini, tiki, mlio niliousikia mara moja nikiwa na miaka minane.

Kuku akaruka. Vifaranga, ambao walikuwa wametawanyika uani, wakajipanga mstari. Wakaenda kulia mpaka ukutani, wakashuka kipandio, wakarudi kushoto mpaka kwenye mgomba, wakashuka tena, wanakuja kwangu. Mmoja akachomoka akaingia uvunguni mwa meza. Wanane wakaongeza mwendo. Akaingia wa pili, wa tatu. Waliobaki walikuwa wanakimbia. Wa mwisho alipita katikati ya miguu yangu sikumwona.

Nimefungua kijimlango, nimepapasa kote. Kuna majani makavu na ganda la yai. Sungura wangu hakurudi.