Mgombea wa Mstari Mfupi

Hakuna maarifa yaliyo mepesi kuyanena na mazito kuyafundisha kama maarifa ya uchaguzi, hususan pale wanafunzi wanapokuwa watoto wa miaka sita na saba, waliozaliwa Nakivale, wilayani Isingiro, katika makazi ambayo tangu miaka ya 1960 yamewapokea Wanyarwanda, kisha Wakongo, Warundi na Wasomali. Sisi wakimbizi hatuna haki ya kumpigia kura Rais wa Uganda, bali tuna wenyeviti wetu wa mabaraza ya wakimbizi, ambayo kila mtu huyaita RWC, nao huchaguliwa kuanzia kijiji. Kwa hiyo niliona si vibaya watoto nao wamchague kiranja wao kwa haki na insafu.

Tulianza kwa njia iliyotumika Uganda nzima tarehe 10 Julai 2018 katika kuwachagua wenyeviti wa vijiji, waitwao LC1, yaani kila mpiga kura kupanga mstari nyuma ya mgombea wake. Walijitokeza wagombea wawili: binti mwenye sifa ya kuazimisha kichongeo bila masharti, na mvulana aliyejua kupiga mluzi. Mstari wa binti ukafika hata mlangoni. Lakini wale wa mkiani, ambao tangu wangali wakinyonya wamekuwa wakibebwa mgongoni siku za mgao wa chakula au fedha, na wajua fika kwamba mwenye akili hukimbilia mstari mfupi, wakautazama ule wa mvulana, wakahamia huko wote kwa pamoja. Nao uliporefuka, wakarudi. Ikawa ndiyo hali, kama maji ndani ya karai lililobebwa na mtoto. Katikati ya zahama hiyo mmoja akatoweka, akarudi akihema, mkononi karatasi ya familia yenye picha za watu wa nyumba nzima, akaniuliza kwa adabu: "Mwalimu, leo wanatoa unga ao makuta?"

Basi nikaazimia kura ya siri, nikaenda Mbarara kutafuta wino; mwenye duka, aliposikia kuwa ni wa kura, akaniuliza nagombea kiti gani, na kabla sijajibu bei ikapanda. Sanduku letu lilikuwa katoni ya mafuta ya kupikia, iliyotobolewa juu. Mambo yalikwenda kwa taratibu njema hadi kidole cha kwanza kilipochovywa, kwani palepale kila mtoto alitamani kumi vyote viwe vya zambarau, na kwa kuwa kanuni ilisema wino ni wa aliyepiga kura tu, wakarejea sandukuni kidole baada ya kidole. Hata tulipohesabu, kura zikazidi watoto, jambo ambalo katika nchi kadhaa lisingemshangaza mtu mzima.

Hata hivyo, kwa hesabu yoyote ile, binti alikuwa ameshinda. Alipopewa nafasi ya kusema neno, alipanda juu ya benchi, akaahidi kwamba katika utawala wake hapatakuwa na mstari hata mmoja, na kila mtu atahudumiwa wa kwanza. Wote wakashangilia, na aliyeshindwa akapiga mluzi. Mimi niliwafundisha mstari, sanduku na wino. Somo la kuahidi alikuja nalo mwenyewe.