Tawi Lako Halikuota, Mwalimu

Hapa Kilwa Masoko unaweza kuzunguka mtaa mzima usipate wa kukuazima mbuzi ya kukunia nazi, lakini mkasi umo ndani ya kila pochi. Najua kwa sababu yote huishia kwenye mwasumini wangu. "Shikamoo mwalimu, nilikuwa napita tu." Hakuna binadamu anayepita tu na mkasi wa kushonea. Namkaribisha, anauliza hali za watoto, anauliza mguu wangu unaendeleaje, na muda wote huo macho yako dirishani, yanapima tawi.

Tawi lenyewe sinyimi. Mwasumini ukipunguzwa huchipua, na maua hutoka kwenye hayo machipukizi mapya, kwa hiyo wananifanyia kazi ambayo ningemlipa kijana. Tena nawaelewa. Harusi zikikaribia, vikuba havitoki dukani, na asumini ya sokoni ikifika saa nne asubuhi imeshalala. Kila nyumba inataka mti wake. Haya.

Kinachoniudhi ni taarifa inayokuja baadaye. Majuma yakipita mkataji anarudi, anasimama pale pale kwenye ngazi, anatikisa kichwa kwa masikitiko. "Lile tawi lako, mwalimu, halikuota." Lingechipua, ungekuwa mkono wake wenye baraka. Likikauka, ni tawi langu. Halafu anautazama mwasumini juu mpaka chini kwa jicho la mtu aliyeuziwa changu wa juzi, na anatoa mkasi tena.

Na hawa ni watu wa Lindi! Watu ambao hawajawahi kununua mbegu ya muhogo. Muhogo ulifika pwani hii na Wareno ukitokea Amerika ya Kusini, na tangu hapo unasafiri kwa vipande, jirani akimkatia jirani. Huyu huyu shemeji yangu aliyeniulia matawi ya mwasumini anakata pingili kwa panga, kila moja shubiri moja na macho yake matano au sita, anazitupia kivulini chini ya mwembe, mvua ya kwanza anachomeka, anakwenda zake. Hanyunyizi. Haombei. Mwaka ukigeuka anachimba mihogo inayomshinda kubeba. Mwambie sasa aoteshe tawi moja la ua kwenye kopo la rangi, ndipo utakapoona ujuzi wa mababu ukiyeyuka mbele ya macho yako.

Siri ya pingili ni kwamba shemeji haipendi. Anachagua shina lililokomaa, nene, limejaa akiba ya wanga, halina hata jani moja la kunyonya maji, na analipanda kwenye mvua. Tawi la asumini analipenda, basi analichagua kwa uzuri: kile kincha cha juu kabisa, laini, cha kijani kibichi, kina majani yote na vitumba vitatu vya maua. Tena analikata Agosti, kusi inapuliza na kukausha hata mate mdomoni. Analitia kwenye pochi, anapitia sokoni, anapitia msibani, anapanda bajaji mpaka Kivinje kumjulia hali shangazi yake. Jioni ndipo tawi linaona udongo. Wakati huo si kupanda tena, ni kuzika.

Nimeeleza mpaka nimechoka. Usichukue ncha laini, usichukue shina gumu la kahawia. Chukua la katikati, ambalo ukilikunja linapinda kidogo kisha linalia "ta". Kata chini ya fundo, kwa sababu mizizi hupenda kutokea penye fundo. Ondoa majani ya chini, yanayobaki juu yapunguze nusu. Jani linapoteza maji kila dakika na tawi halina mdomo wa kunywea. Hiyo hesabu haihitaji mwalimu. Na vitumba vya maua vitoe vyote. Hapo ndipo nyuso zinapokunjamana. Nikinyofoa kitumba mbele ya mwenye tawi lake, ananitazama kana kwamba mimi ni katili, eti namharibia. Dada, ua linakula akiba ile ile inayotakiwa kutengeneza mizizi. Huwezi kuvaa kikuba leo na kuwa na mti mwakani kwa tawi hilo hilo moja.

Mchanga nao. Tunaishi ufukweni, kwa hiyo kila mtu akiambiwa mchanga anateremka Jimbizi na ndoo. Unang'aa, mweupe, mzuri kwa watalii, na umejaa chumvi. Chumvi hainyweshi tawi, inalinyang'anya hata maji liliyokuja nayo. Nikisema mchanga wa mtoni, wa kule juu Matandu ambako maji ya bahari hayafiki, naambiwa nina maringo ya kisomi. Halafu wananyunyizia maji ya kisima ambayo wenyewe wakipikia chai wanakunja uso. Maji usiyoyataka kwenye chai yako, mwasumini utayatakaje?

Wengine huua kwa ukarimu. Asubuhi maji, adhuhuri maji, jioni maji, kopo halina tundu chini. Mizizi inayochipua inahitaji hewa, na kwenye tope hakuna hewa, kuna kuoza. Mama mdogo mmoja wa mke wangu alipoteza matawi yote kwa njia hiyo, na lawama akamtwika Hidaya. Kile kimbunga kweli kilitutesa, Mei 2024, mvua ikaikata hata barabara ya kwenda Dar es Salaam. Lakini matawi yake yalikatwa Septemba. Nilimkumbusha kwa adabu zote. Akasema athari za kimbunga huchelewa.

Vijana hawataki mchanga kabisa, wanataka glasi. Mtu ameona rihani ikitoa mizizi ndani ya maji kwa juma moja, na matembele pia, basi sasa nyumba nzima imejaa glasi dirishani na hatuna pa kunywea. Mrehani kwenye maji ni sawa, mradi maji yabadilishwe kabla hayajanuka. Mwasumini unaweza kukubali au kukataa, na ukikubali mizizi ya majini hukatika kwa kuguswa tu. Lakini glasi inapendwa kwa sababu unaona ndani. Na hapa ndipo ugonjwa mkubwa wa mji huu ulipo: kuchungulia.

Sijaona watu wenye haraka ya kujua namna hii. Tawi linahitaji wiki tatu, nne, pengine sita. Mahali lilipokatwa hutengeneza kwanza kovu, kisha kutoka humo na kwenye fundo vinatokea vinywele ambavyo macho ya mzee kama mimi hayavioni. Siku ya nne mtu analing'oa aone. Hajaona kitu, analirudisha. Siku ya saba analing'oa tena, safari hii kumwonyesha jirani. Vile vinywele vilivyokuwa vinaanza vimebaki mchangani. Kisha tawi linatoa kijani kimoja juu, shangwe, simu inapigwa Lindi mjini kwamba limeota. Halijaota. Linatumia akiba yake ya mwisho. Jani jipya si ushahidi wa mzizi. Ushahidi ni pale ukilivuta kidogo, kidogo sana, nalo likagoma. Nikisema hivyo wanasikia neno "vuta" peke yake.

Mpwa wangu wa Dar es Salaam alikuja na dawa ya unga ya kuoteshea. "Anko, hii ni homoni." Najua ni homoni. Miti inatengeneza ya kwake, kwenye vichipukizi na majani machanga, inateremka na kukusanyika pale ulipokata, na ndiyo inayoita mizizi. Wanasayansi waliijua kazi yake hiyo tangu miaka ya 1930, wakatengeneza na ya viwandani. Inasaidia kweli. Lakini ya kugusisha tu, kisha unakung'uta. Mpwa alilichovya tawi mpaka likawa jeupe nusu mkono, kwa hoja kwamba dawa amelipia. Homoni ikizidi huunguza. Tawi lilioza kuanzia chini, likiwa limepakwa unga wa gharama kuliko poda za dada zake.

Jirani wa kushoto alipanda kichwa chini, miguu juu. Alikuwa ametoa majani yote, akasahau upande. Tawi halisahau. Chini ni chini hata ukiligeuza, mizizi inataka kutokea upande ule ule uliokuwa karibu na shina. Ndiyo maana wenye akili hukata chini mshazari na juu mlalo, wasibahatishe. Jirani alipojua akaniomba basi nimkatie tawi la mwembe, labda hilo ni rahisi. Mwembe! Mwembe na mkorosho tawi lake ni kiburi kitupu, halioti hivi hivi. Ndiyo maana wakulima wa korosho huku Kusini wanabebesha, kikonyo cha mti bora juu ya mche wa mbegu. Ameondoka ananiita mchoyo.

Na mama mkwe wangu, Mungu amhifadhi, ana nadharia yake. Anashikilia kwamba tawi la kuomba halioti, linaloota ni la kuiba. Hilo nililipinga kwa miaka mingi, hadi nilipokaa nikalifanyia uchunguzi, na nasikitika kusema mama ana haki, ila sababu zake sizo. Mwizi huja alfajiri, wakati tawi limejaa maji ya usiku. Hana muda wa kuchagua lenye maua, anakata linalofikika, ambalo mara nyingi ni la katikati. Analificha chini ya kanga, mahali penye kivuli na unyevu. Hapitii sokoni wala msibani, anakwenda moja kwa moja kwake. Hawezi kulipanda mbele ya nyumba, analichomeka nyuma ya bafu, kwenye kivuli na umajimaji wa kiasi. Na kwa kuwa anaona haya, halichungulii na hamwonyeshi mtu. Hakuna bwana shamba angeweza kufundisha vizuri kuliko dhambi.

Tena mila ni ya kale. Wareno walipouvamia mji wa Kilwa Kisiwani mwezi wa Julai 1505, aliyeandika habari za msafara huo, Hans Mayr, alitaja bustani zenye michungwa, ndimu, mrehani na tambuu, zikinyweshwa kwa maji ya visima. Mtambuu hupandwa kwa kipande cha mtambaa wake, kwa hiyo watu wa pale walikuwa wanajua haya mambo kabla mkasi haujafika kwenye pochi. Wareno waliupora mji. Sidhani kama kuna aliyebisha hodi.

Wanaotaka kurudisha fadhila nao wananipa kazi. Bibi mmoja aliniletea mzigo wa pingili za muhogo kwa shukrani, majani yaliyobaki juu yamejikunja, yana madoa ya njano. Ugonjwa wa batobato. Nilimshukuru, nikamsindikiza, kisha nikazichoma zote. Tawi si mtoto wa mti, ni mti wenyewe uliokatwa kipande, na maradhi ya mama linayo yote. Michirizi ya kahawia, ugonjwa mwingine wa muhogo, ndiyo mbaya zaidi: shina unaweza kuliona zima, chini mzizi umeoza. Iliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1936, ikiwa katika nchi hii hii yetu, na kwa miaka yote hiyo sisi na inzi weupe tumekuwa tukishirikiana kuisambaza: wao kwa mabawa, sisi kwa ukarimu.

Wakati huo huo uzio wangu umeota. Fundi alichomeka fito za mbono zishikilie waya, fito kavu kabisa kwa macho yangu. Sasa zina majani, zina mbegu, mbuzi wanazinusa na kuondoka, na mimi kila mwezi nakata nisije nikakosa njia ya kutokea. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuja na mkasi kuniomba tawi la mbono.

Masika iliyopita niliupunguza mwasumini sana, ulikuwa umeziba dirisha. Kijana mmoja wa bodaboda akasimama. "Shikamoo babu. Takataka hizo nikakutupie?" Kijana mstaarabu. Hakuchagua, hakutazama maua, alifunga rundo lote kwenye gunia lenye unyevu, akaniambia atalitupa mbali. Nikampa elfu mbili ya mafuta. Hakurudi kuniambia chochote kuhusu tawi langu, na kwa hilo nilimwombea dua.

Juzi mke wangu ametoka safari, ameshuka basi Nangurukuru, amefika nyumbani na miche miwili ya asumini kwenye viriba, mibichi, imesimama wima, mizizi imetoboa nailoni. Anataka kuipanda uani, ambako wenye mikasi hawafiki. Elfu tatu mmoja. Nikamuuliza kwa nini hakuomba apunguziwe.

"Nimeomba," akasema. "Yule kijana amekataa kabisa. Ameniambia, 'Mama, hii si asumini ya kuokota. Mama yake yuko Masoko, kwa mzee mmoja mkali sana, kupata tawi pale ni kazi.' Ndipo nikachukua miwili."